Kitabu cha Sukari na Daftari la Kukhu Dinah

Jumatatu, 1 Agosti 1949. Kitale.

Mvua tangu alfajiri. Barua imefika kutoka Bungoma, kwa Mzee Barasa, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya chumba kipya cha vitabu. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimeketi, kisha nimesimama tena. Wanatafuta msimamizi. Atapewa nyumba ya mabati, ufunguo, na meza yenye droo mbili. Droo mbili! Hapa kwenye ghala la mbegu, ambako mimi Bramwel Wekoye nimekuwa karani miaka sita, nina gunia la kukalia na gunia la kuandikia.

Sharti: kila anayeitaka kazi asimame mbele ya watu Jumamosi tarehe 13, aeleze maisha ya waandishi wa dunia na yale waliyotuachia. Wanaoitaka ni wawili. Wa kwanza ni mimi. Nilipofika kwenye jina la pili nikapigwa na butwaa. Mwalimu Nyongesa.

Nyongesa tuliyesoma naye darasa moja. Nyongesa ambaye baba yake aliiba ng'ombe wa baba yangu, mtamba kijana, jambo ambalo marehemu baba alinikumbusha kila Krismasi hadi alipokufa. Huyo hatatia penseli zake kwenye droo zangu.

Shida ndogo: waandishi wa dunia siwajui. Vitabu nilivyomaliza ni viwili, na kimoja ni cha nyimbo za kanisani. Mke wangu Lenah ameuliza kwa nini nisiwaandikie kamati ukweli huo. Sijui huyu mwanamke alilelewa wapi.

Jumatano, 3 Agosti.

Muujiza. Lenah alinituma sukari kwa Mohamud, mwenye duka karibu na msikiti. Nimefika nyumbani, nimemimina sukari, nimetaka kutupa karatasi, nimeona picha. Mzee mwenye ndevu hadi kifuani. Nimesoma Kiingereza chake polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mwandishi! Amezaliwa Norwei. Ametengeneza mapipa, halafu amekuwa askari. Ukurasa umeishia hapo, yuko vitani, na sukari imemganda puani.

Nimerudi dukani mbio. Mohamud amenieleza bila haraka. Alinunua kitabu hicho mnadani, Mzungu mmoja alipouza vitu vyake arudi kwao. Kinene kama tofali, na ndani ni maisha ya waandishi wa kila nchi. Tangu vita karatasi ni shida, kwa hiyo yeye na mkewe Khadijo wanakichana na kufungia bidhaa. Nimemwomba aniuzie kilichobaki. Amekataa. Wateja atawafungia nini? Ukurasa unatoka na robo ratili ya sukari, hiyo ndiyo sheria ya duka. Na kurasa hachagui. Anachana pale mkono unapoangukia.

Nimenunua robo nne, moja moja, nikitoka na kuingia kama mteja mpya. Mohamud amenisalimia kila mara kwa heshima ile ile.

Jumapili, 7 Agosti.

Siku nne, kurasa kumi na tisa. Sukari iko kwenye sufuria, kwenye debe, kwenye kofia yangu ya mvua. Sisimizi wamekuja kwa mistari. Lenah amesema chai ya nyumba hii sasa inaweza kusimama bila kikombe.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Maisha yote yamekatika! Nina watu waliozaliwa ambao hawakufa, na watu waliokufa ambao hawakuzaliwa. Nina Mwajemi wa miaka kumi na miwili anayeumwa jino. Nimeenda kwa Mohamud mara tatu kuona kama amepona. Nina mjane wa Brazili aliyeandika juu ya magunia ya unga, mwisho wake ninao, mwanzo sina.

Leo baada ya ibada nimepata dawa. Gundi ya unga. Nimebandika nusu ya mbele ya mmoja kwenye nusu ya nyuma ya mwingine. Wote si ni waandishi? Kalamu ni kalamu. Nimepata saba kamili, na nimeenda ghalani kuwakariri mbele ya magunia ya mahindi. Magunia yalisikiliza vizuri sana.

Lenah amesema watu hao walikuwa na mama zao, na mama zao wangeshtuka. Nimemwambia wamekufa wote. Nani atauliza?

Jumamosi, 13 Agosti. Bungoma.

Nimefika juu ya lori la mahindi, tope hadi kwenye tai. Ukumbi umejaa. Makarani, wakulima, wenye maduka, akina mama na vikapu vyao.

Nyongesa alianza. Alisema hawezi kuibeba dunia nzima, kwa hiyo ataeleza mwandishi mmoja tu. Akaeleza polepole habari za mshona viatu wa Uhindi aliyewaandikia barua watu wasiojua kuandika, na alipokufa kijiji kikagundua kwamba barua zao ndizo kitabu chake. Watu walikohoa. Nilifurahi.

Kisha mimi. Saba! Nilipaza sauti, nilipiga meza. Mwajemi wa jino alikua, akapata meli tatu, akazizamisha. Makofi. Nikafika kwa Mnorwei. Nilimtoa kwenye theluji, nikampa mapipa, nikampa bunduki, nikampitisha vitani na ndevu zake zote. Na kwa sababu nilikuwa nimekariri bila kujisikiliza, nikasema kwa huzuni kubwa kwamba alifariki akijifungua mtoto wake wa saba.

Nilishtuka kuliko wote. Mdomo wa Mzee Barasa ulifunguka ukabaki hivyo.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasimama. Mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, daftari mkononi. Nikajua nimekwisha. Aliuliza swali moja.

"Huyo mtoto wa saba, alinyonyeshwa na nani?"

Nikasema ni jirani. Lilikuwa jibu la kwanza lililonijia. Bibi akaliandika kwenye daftari, akashukuru, akaketi. Akina mama wakaguna kwa huruma, mmoja akafuta macho, na sijui ilikuwaje, makofi yakaanza.

Nilimngoja Nyongesa anishtaki. Yeye anajua vitabu. Aliona kabisa. Nje akaniuliza kwa upole kama nimekula. Ni hila gani hii?

Kamati imeshindwa kuamua. Mzee Barasa ametangaza mtihani wa pili, tarehe 27. Waandishi wa mbali wametosha, sasa kila mmoja alete maneno ya mwandishi wa kwetu. Wa kwetu? Nimemwambia hayupo. Hapo yule bibi akainua mkono tena.

Anaitwa Dinah. Watu humwita Kukhu, yaani nyanya. Ni mkunga, anakaa Lwakhakha, kule mpakani. Anaandika tangu mwaka wa ile homa kubwa iliyoua watu baada ya vita vya kwanza. Madaftari thelathini na moja, yote kwenye sanduku la bati, na hajamwonyesha mtu. Sasa macho yanafifia, anatafuta wa kumwachia. Ametuambia tuje sote wawili. Nimemtazama nikidhani anatania. Hataniwi na mtu, wala hatanii.

Jumatano, 17 Agosti. Lwakhakha.

Nimepata ruhusa kazini ili nimzike shangazi. (Ni shangazi yule yule wa mwezi wa tatu.) Jana niliondoka mapema na baiskeli ya kuazima nimtangulie Nyongesa, nikalala njiani kwa binamu. Tope. Vilima. Mnyororo umekatika mara mbili. Nimefika leo saa nane mchana, na nani yuko juu ya paa la Kukhu Dinah akipachika nyasi mpya? Alikuja juzi.

Sikukubali. Nilimwambia Kukhu nitamkatia kuni, nikakata mti mzima. Kumbe ulikuwa mti wa mpaka, kati yake na jirani. Jirani alikuja na panga lake. Nyongesa akashuka kwenye paa, akaongea naye, akamwahidi miche miwili, yakaisha. Nilizidi kumchukia.

Kukhu akatufungulia sanduku. Nilitarajia hadithi za mazimwi, au wafalme angalau. Ni siku tu! Nani amezaliwa. Nani amekufa. Nzige wametua kwa nani. Nani alitoa mahindi wakati wa njaa na nani aliyaficha chini ya kitanda, jina kwa jina. Alitueleza kwamba serikali huandika kodi na kanisa huandika ubatizo, lakini hakukuwa na mtu wa kuandika nani alimpa nani maji. Basi akaanza yeye.

Ametupa daftari moja moja. Tusome, tuchague ukurasa, turudishe ukumbini tarehe 27. Nyongesa amepata la mwaka wa nzige. Bahati yake! Mimi nimepewa la 1921. Nimenung'unika jioni nzima. Ni mwaka niliozaliwa mimi. Kulitokea nini cha maana?

Ijumaa, 19 Agosti. Kitale.

Nitanakili kama ilivyo.

"Nimezalisha kwa Wekoye. Mvulana. Mama yake, Naliaka, damu haikukatika. Aliuliza ni mtoto gani, nikamwambia. Akasema mfunikeni, kuna baridi. Hakusema tena. Mtoto hana maziwa. Wilkista wa ng'ambo ya kijito ana wake wa miezi miwili, Nyongesa. Amesema, leteni."

Nilikaa juu ya gunia hadi saa ya chakula ikapita. Msimamizi wa ghala aliniita mara mbili, sikusikia.

Naliaka. Jina la aliyezaliwa wakati wa palizi. Nina miaka ishirini na minane na jina la mama yangu sikulijua. Baba alimwita "marehemu" tu. Alisema nililelewa kwa maziwa ya ng'ombe wake, ng'ombe bora kuliko wote upande ule.

Nimesoma mbele. Miezi minane baadaye: "Wekoye amekuja kumchukua mtoto. Amempa mume wa Wilkista mtamba wa shukrani." Na mwisho wa mwaka: "Wekoye ameoa. Anasema mtamba uliibwa. Wilkista amekataza tusimjibu, kwa ajili ya mtoto."

Uliibwa! Krismasi zote zile. Nilikuwa nikimwonyesha Nyongesa ngumi darasani kwa sababu ya mtamba ambao ulikuwa bei ya uhai wangu, na haukutosha.

Nimemsomea Lenah. Yeye alilia waziwazi. Kwangu mimi ulikuwa moshi wa jiko. Aliponyamaza akasema, "Baba Esta, kesho nenda Bungoma. Mshike yule mtu mkono."

Nimesema nitaenda. Nimeapa.

Jumapili, 21 Agosti.

Sijaenda. Nimefikiri.

Ukurasa huu utaliza ukumbi mzima. Hakuna nzige wa kuushinda. Lakini ukisomwa ulivyo, baba yangu ni mwongo, mama yake Nyongesa ni malaika, na kazi atapewa nani?

Dawa ni ndogo sana. Majina tu. Mtoto asiye na maziwa atakuwa Nyongesa, mama yake mgonjwa. Atakayesema leteni atakuwa Naliaka wa nyumbani kwetu. Kukhu hatakuwepo, maana mto umefurika na lori halipiti. Wilkista lazima ni mzee sasa, mikutano atakuwa haendi. Na tukitazama vizuri, mama yangu atapata miezi minane zaidi ya kuishi. Kwenye karatasi, lakini ni miezi.

Nimemweleza Lenah. Amenisikiliza hadi mwisho, akachukua jembe, akaenda shambani. Siku ya Jumapili! Mke wangu mimi, mzee wa kwaya! Majirani wamesimama wakimtazama. Tangu arudi hajanena na mimi.

Jumamosi, 27 Agosti. Bungoma.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ukumbi. Sijui nianzie wapi.

Nyongesa alisoma nzige wake. Alisoma majina ya watu waliotoa mahindi mwaka ule, na kila jina likitajwa, mtu mmoja ukumbini alikaa wima: mtoto wake, au mjukuu wake. Sikupenda hali hiyo.

Nikasimama. Nikafungua daftari, nikasoma yaliyo kichwani mwangu. Nilisoma vizuri, lazima niseme. Nilipofika pale Naliaka anaponyoosha mikono na kusema leteni, Mzee Barasa alitoa leso. Nikainua macho nione wengine waliotoa leso.

Mlangoni alisimama Kukhu Dinah, amelowa hadi magotini. Mto ameuvuka kwa miguu, kule juu kwenye mawe. Na mwanamke aliyemshika mkono, mnene, mwenye fimbo, nilimjua kabla hajasema, kwa sababu ana uso wa Nyongesa.

Wilkista alitembea katikati ya viti hadi mbele. Nilingoja fimbo. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonimaliza, hakukasirika kabisa.

"Mwanangu," alisema, "Naliaka hakufikisha jioni. Ni mimi niliyekunyonyesha. Miezi minane. Na ulikuwa unauma."

Hakuna aliyecheka. Halafu mmoja akacheka, halafu ukumbi wote, hata Mzee Barasa ndani ya leso yake. Wilkista naye alicheka, akanishika shavu kama ananipima meno.

Kukhu akachukua daftari mikononi mwangu, akampa Nyongesa asome ukurasa wenyewe. Alisoma hadi kwenye jina la mama yangu, hapo akashusha sauti. Wala hakutazama karatasi. Alikuwa anajua.

Nilimvuta kando nikamuuliza amejua tangu lini. Tangu darasa la tatu, alisema. Mama yake alimweleza, akamkataza kusema, maana mtoto hafundishwi kumchukia baba yake. Kwa hiyo miaka yote hiyo mimi nilikuwa namwonyesha ngumi na yeye alikuwa ananiuliza kama nimekula. Nimesema mvua imepungua. Amekubali kwamba imepungua.

Kazi amepewa yeye. Sanduku la bati amepewa yeye. Nilimwendea Kukhu Dinah niombe radhi, nikaanza kumweleza kwamba waandishi wakubwa wa dunia pia hubadilisha mambo. Alinikatiza.

"Uongo si kitu. Wale waandishi wako saba walikuwa uongo mtupu na nilifurahi. Lakini maziwa yana mwenyewe."

Kisha akanikalisha kwenye ile meza ya droo mbili, akanipa kalamu, nikanakili ukurasa wote kwa mkono wangu, yeye amesimama nyuma yangu akifuata kwa kidole, karibu kabisa na karatasi kwa sababu ya macho yake. Nilipokosea jina la Naliaka, nikaandika herufi moja vibaya, alinifanya nianze upya. Nimeanza upya mara tatu. Mara ya tatu hakukuwa na moshi wa kusingizia.

Wilkista akaniletea viazi vitamu na njugu. Alikaa akinitazama nikila. Nilikula vyote.

Jumatatu, 29 Agosti. Kitale.

Lenah amenena nami. Ule ukurasa nilionakili ameutia ndani ya Biblia. Mimi ni mtu mpya. Nimewaambia ghalani, nimemwambia Mohamud, nimewaambia watu watatu njiani ambao hawakuuliza.

Lakini nikiwa juu ya lori jana wazo lilinijia, nikashtuka hadi nikashika kamba. Kukhu Dinah bado anaandika! Jumamosi, watu wakicheka, nilimwona ana daftari wazi mapajani. Ameandika nini? Miaka mia ijayo watu wataketi katika chumba kile, watafungua sanduku lile, na habari zote za Bramwel Wekoye duniani zitakuwa hizo. Kwamba aliuma!

Haiwezekani. Ni lazima kuwe na mwandishi mwingine wa nyakati hizi, mtu makini, aliyeona mambo kwa jicho tofauti. Leo nimenunua madaftari kumi na mawili. Nimeyachovya kwenye chai na kuyaanika juu ya paa, yamepata sura ya ukongwe mzuri. Nimeanza na 1918, mwaka wa homa, kama yeye: "Leo nimeiona homa ikija kwa mbali. Nimewaonya wazee. Hawakusikia."

Lenah alipita nyuma yangu na bakuli, akasoma, akasimama. Akasema polepole kwamba 1918 sikuwa nimezaliwa.

Nilishtuka sana. Ni kweli kabisa. Ni kosa ambalo lingeniumbua mbele ya vizazi.

Nimeichana karatasi hiyo na kuanza upya kwa 1922. Nitakuwa na mwaka mmoja, kwa hiyo mwandiko nimeufanya mbaya kidogo.